Mashine Iliyozimwa Bado Inaweza Kujeruhi

Wakazi wengi wa kandokando ya Shamba la Miti Shume hupata riziki katika upasuaji wa mbao. Imezoeleka kudhani kwamba hatari ya mashine huanza inaponguruma na kwisha inapozimwa. Ukweli ni kwamba fundi anayenoa meno ya msumeno, anayebadilisha mkanda au anayeondoa gogo lililokwama huwa karibu zaidi na makali kuliko mpasuaji mwenyewe, tena wakati kinga zimekwisha kufunguliwa.

Mara nyingi ajali ya matengenezo husababishwa na mtu wa pili, anayewasha mashine bila kujua kwamba mwenzake ameinama chini yake. Pengine hakuna hata aliyewasha: umeme ulikuwa umekatika, swichi ikaachwa kama ilivyokuwa, kisha umeme ukarudi. Ipo pia nguvu inayobaki ndani ya mashine. Msumeno huendelea kuzunguka kwa muda baada ya injini kunyamaza, na mkanda uliokazwa na gogo lililokwama huweza kuruka mara gogo linapolegezwa. Hali ni hiyo hiyo katika korona za mkonge.

Kwa sababu hiyo, kubonyeza kitufe cha kuzima hakutoshi. Umeme ukatwe kwenye swichi kuu, swichi ifungwe kwa kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa fundi yule yule anayeingiza mikono; si kwa msimamizi, wala juu ya meza. Kibao cha onyo kitundikwe hapo. Kwa injini ya dizeli, waya wa betri ufunguliwe. Kisha isubiriwe mpaka kila kinachozunguka kisimame, na mashine ijaribiwe kuwashwa ili kuthibitisha kwamba haiwaki. Kufuli ni kitu cha bei ndogo, na ni vigumu kuona kisingizio cha kulikosa.

Baridi ya milimani nayo ina sehemu yake. Makoti mapana na skafu zinazoning'inia hunaswa na shafti kwa urahisi, hivyo zivuliwe kabla ya mashine kujaribiwa.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, humtaka mwajiri asajili eneo la kazi na kuwakinga wafanyakazi wake. Anayeumia akiwa kazini hulipwa fidia na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), unaochangiwa na mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Asiyeweza kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake kwa kipindi kisichozidi miezi 24, pamoja na matibabu.

Vibarua wengi hupoteza haki hiyo kwa kunyamaza, wakihofia kukosa kazi ya kesho. Ajali itolewe taarifa kwa mwajiri siku hiyo hiyo, na vyeti vya hospitali vitunzwe, kwa kuwa madai yasiyowasilishwa ndani ya miezi 12 tangu ajali kutokea huweza kukataliwa.