Boti za mbao za Ziwa Tanganyika: Mali ya wengi, matunzo ya wachache

Sisi tuliorudi Burundi kutoka Tanzania tulihesabiwa watu, magodoro na baiskeli. Boti hazikuandikwa na mtu. Lakini pita ufukweni Rumonge au Nyanza-Lac, uliza wenye boti za mbao walianzia wapi. Wengi watakutajia Kigoma, Ujiji au Kibirizi. Kuna aliyeanza kwa kuchota maji ndani ya boti ya mwenzake, akapanda akawa nahodha, kisha akanunua robo ya boti kuukuu. Kuna waliochanga watatu, wanne. Shamba unaweza kulikuta limekaliwa na mtu mwingine na kesi ikaenda miaka. Boti unaondoka nayo.

Ndiyo maana inauma kuona mali ya namna hiyo ikiachwa ife kwa kukosa pamba, misumari na debe la mafuta.

Mimi ni mwalimu, si fundi wa boti. Wazazi wangu walivuka mwaka 1972, nikazaliwa na kusomea Ujiji, na kila likizo nilitumwa kwa mafundi kushikilia mbao zinapopigwa misumari. Leo familia yetu ina sehemu katika boti moja ya mbao inayobeba mizigo kati ya Kigoma na upande wetu. Ninayoandika hapa ni niliyoyaona kwa mafundi hao na kwenye boti yetu.

Boti ya mbao husimama juu ya mkuku, gogo refu la chini linalobeba kila kitu. Juu yake hufungwa mataruma, ambayo ni mbavu za boti, kisha mbao za ubavuni hupigiliwa kwenye mbavu hizo. Mbao nzuri ni mvule au mninga, nazo zimekuwa adimu na ghali, kiasi kwamba fundi mwaminifu atakuambia usubiri kuliko kukuchanganyia mbao laini. Kati ya ubao na ubao hutiwa kalafati. Sisi hutumia pamba iliyochovywa kwenye mafuta ya mawese, ikasukumwa kwa patasi butu na nyundo mpaka ikaze, halafu ikafunikwa kwa lami.

Watu wengi hudhani pamba ndiyo inayozuia maji. Kazi kubwa hufanywa na ubao wenyewe. Ubao ukinywa maji hufura, ukaibana pamba, na mlango wa maji ukafungwa. Ukikaa juani husinyaa, pamba ikalegea. Kwa sababu hiyo boti iliyokaa nchi kavu miezi kadhaa huvuja sana siku ya kwanza kurudishwa majini, hata kama haina kosa lolote. Anayejua huiacha ilale ufukweni kwenye kina kifupi siku moja au mbili bila mzigo, akitoa maji na kuangalia ni wapi panaendelea kuvuja. Hapo ndipo pa kutengeneza.

Jambo hili lilionekana wazi mwaka 2024. Tanzania ilifunga uvuvi ziwani kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wazaliane, na boti nyingi za uvuvi zikavutwa mchangani katikati ya kiangazi. Mwenye akili alijenga kivuli cha makuti au akafunika kwa magunia yaliyoloweshwa. Wengine waliacha jua lifanye litakavyo. Siku ya kufungua ziwa wakakimbilia majini na nyavu zao, na huku upepo wa kusini wa miezi hiyo ukiwa bado haujatulia.

Adui wa pili ni mvua. Ndugu zetu wa pwani wana funza wa baharini anayetoboa mbao, sisi hatuna, kwa kuwa anaishi kwenye maji ya chumvi. Lakini chumvi hiyo hiyo huwasaidia, kwani huzuia ukungu unaoozesha mbao. Maji yetu ni matamu. Maji ya mvua yakituama ndani ya boti, chini ya sakafu, pamoja na magamba ya dagaa na mawese yaliyomwagika, ubao huanza kuoza kutoka ndani huku nje rangi ikiwa inang'aa. Mafundi niliowajua Ujiji hawakuangalia rangi. Walichukua kisu, wakachoma mahali taruma linapokutana na mkuku. Kisu kikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, ubao huo umekwisha.

Misumari nayo. Msumari wa kawaida wa dukani hushika kutu, na kutu hiyo hula ubao unaouzunguka mpaka tundu likawa kubwa kuliko msumari. Tumia misumari iliyopakwa zinki, hata kama bei yake inakufanya ukune kichwa. Bei ya msumari nimesikia ikibishaniwa sokoni Kibirizi nusu saa nzima, na mtu huyo huyo akatoa pesa ya rangi ya kuandika jina la boti bila kuuliza.

Tuje kwenye injini. Injini inayofungwa nyuma husukuma boti nzima kwa kupitia ubao mmoja tu, ule wa tezi. Ubao huo ukilegea, kila mtetemo hufungua kalafati ya pembeni. Mtu anaona boti yake inakwenda polepole, anatafuta injini kubwa zaidi, na boti inapasuka.

Ziwa hili liliwahi kuona somo hilo zamani. Mwaka 1915 Waingereza walileta hapa boti mbili za mbao za mahogani, kila moja na urefu wa futi 40, zikiitwa Mimi na Toutou. (Jina Mimi halikutokana na Kiswahili, ni mlio wa paka kwa Wafaransa, na Toutou ni mbwa.) Zilisafirishwa kwa treni kutoka Cape Town hadi Fungurume, zikavutwa kwa mashine za mvuke na maksai kupita milima ya Mitumba, zikapita mto Lualaba, kisha treni tena hadi ziwani. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka meli ya Wajerumani, Kingani. Lakini mizinga iliyofungwa mbele yake iliweza kupigwa kuelekea mbele tu, kwa kuwa mbao zisingestahimili mshtuko wa kupiga kando. Wenye boti hizo walijua mpaka wa ubao wao, wakaufuata hata vitani. Sisi tunapakia mapipa ya mawese upande mmoja na abiria upande mwingine, tukitegemea dua.

Kuhusu petroli, wafanyabiashara wa mpakani wanajua tuliyoyapata kwa uhaba wa mafuta Burundi. Mafuta yakawa yanasafirishwa kwenye madumu, na mengine yamechanganywa na vitu visivyojulikana. Chuja kwa kitambaa kabla ya kuchanganya na oili. Na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka kukaa ngamani, chini kabisa. Mama anayewasha jiko la mkaa kwenye boti iliyobeba madumu hana habari kwamba moto uko karibu na miguu yake. Nahodha ndiye wa kumkataza, kwa heshima, lakini amkataze.

Msafiri naye ana haki yake. Kabla hujapanda, chungulia ngamani. Maji kidogo si kitu. Uliza ndoo ya kutolea maji iko wapi na nani kazi yake. Kama hakuna anayeweza kukujibu, ngoja boti nyingine.

Wapo wanaosema mbao zimepitwa na wakati, tununue boti za faiba. Sibishani na wepesi wake. Ila faiba ikipasuka Kagunga, dawa ya kuiziba utaifuata mjini, na ubao ukivunjika hapo hapo, jirani mwenye msumeno na nyundo anakufikisha nyumbani.

Ugumu wenyewe uko kwenye kugawana. Boti yenye wenyewe watatu, mmoja Kigoma, wawili Rumonge, kila mmoja hupokea fungu lake kwa faranga au kwa shilingi, na zamu ya kununua pamba ikifika kila mmoja hudhani ni ya mwenzake. Kwetu tumekubaliana kwamba katika kila safari kumi, mapato ya safari moja yasigawanywe, yakae kwa dada yetu mkubwa kwa ajili ya mbao. Amekataa kuyakopesha, hata kwa mazishi, na maneno yamesemwa.

Shemeji aliyeko Kigoma sasa anataka tuiuze, tununue ya faiba. Wawili tumekataa. Tumepatana kwamba ivutwe mchangani mwezi wa sita, fundi apitishe kisu chake kwenye mkuku mbele yetu wote watatu. Kisu kikizama, shemeji ameshinda. Mbao mbili za mninga tumekwisha kuzinunua, ziko kwa dada chini ya kitanda.