Retreti juu ya bahari: mashua ya Lynn Rival ambayo haikufika Tanga

Wazee wa Kolwezi walioacha kazi Gécamines mu 2003 na 2004 wanaikumbuka siku ya dekonti finali. Zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa kampani waliondoka kwa hiari mu programu iliyosaidiwa na Benki ya Dunia. Kuna aliyenunua kinu cha kusaga mahindi, kuna aliyetafuta minibasi, kuna aliyejenga chumba kimoja cha kupangisha. Lakini jirani akiona mtu anapokea feza yote mara moja, anamwita tajiri, hata kama ile feza ni ya kula mpaka mwisho wa maisha.

Kule Ulaya kuna wazee wanaoingiza feza ya retreti mu kitu kingine kabisa: mashua ya tanga. Wanahamia ndani, wanaacha inchi yao, wanazunguka bahari miaka na miaka. Mashua moja ya namna hiyo, jina lake Lynn Rival, ilikuwa inaelekea Tanga, kule Tanzania, mwezi wa 10 mwaka 2009. Ndani walikuwa watu wawili tu, Paul na Rachel Chandler, bwana na bibi kutoka Uingereza. Bwana alikuwa karibu na miaka 60. Zamani kazi yake ilikuwa kukadiria gharama za majengo, na bibi alikuwa mwanauchumi.

Mtu anayesikia "mashua ya kuzunguka dunia" anaweza kuwaza ngorofa juu ya maji. Hapana. Lynn Rival ilikuwa na urefu wa mita 11 na nusu hivi, mfupi kuliko kamio ya remoki inayotoka Kolwezi na shaba kwenda Kasumbalesa. Mu nafasi ile kuna kitanda, meza, jiko la gazi, choo kinachosukumwa kwa pompi ya mkono, na mizigo yote ya nyumba.

Aliyesafiri na balenieri kutoka Bukama, akishuka Lualaba, anajua sehemu ya maisha hayo: kupika wakati chombo kinatembea, kulala kati ya mizigo, kungojea. Ila kwa mto, kukiharibika kitu, unasogea kando na unakuta kijiji. Katikati ya bahari hakuna kando. Kwa hiyo kila kitu kinahesabiwa mbele ya kuondoka. Maji ya kunywa yako mu tanki dogo, na kuoga kunafanywa kwa maji ya chumvi, kisha kikombe kimoja cha maji matamu cha kujisuuza. Jiko limefungwa namna linaning'inia, ili mashua ikilala upande sufuria ibaki wima. Umeme unatoka kwa panneaux za jua na batiri, na mazuti kidogo ya mota yanatunzwa kwa bandari na kwa siku ya dharura. Tanga likipasuka, mwenyewe ndiye mshonaji. Pompi ikikwama, mwenyewe ndiye fundi. Wanaosafiri hivyo wanasema kazi kubwa ya siku ni kutengeneza vitu, na mambo ya kutazama machweo yanakuja nyuma.

Usiku ndio mgumu zaidi. Mashua haisimami kulala. Wakiwa wawili, mmoja analala na mwingine anakesha saa tatu au nne, kisha wanabadilishana, na hivyo usiku wote mpaka wafike. Mwendo wenyewe ni wa pole, kilometa 9 kwa saa kukiwa na upepo mzuri. Kutoka Kolwezi mpaka Lubumbashi, kwa mwendo huo, ungetumia karibu siku moja na nusu bila kusimama. Kutoka Mahé, kisiwa kikubwa cha Ushelisheli, mpaka Tanga ni karibu kilometa 1,800.

Upepo nao una majira yake, na manahodha wa majahazi waliyajua zamani sana. Kusi inavuma kutoka kusini, mwezi wa 4 mpaka wa 9 hivi. Kaskazi inakuja mwezi wa 12 na kuendelea mpaka wa 3. Katikati ya pepo hizo bahari inatulia. Utulivu ni rahisi kwa mzee mwenye mashua ndogo, lakini ni rahisi pia kwa maharamia, wale wanyanganyi wa baharini, maana vibwato vyao vyepesi vya mota haviwezi mawimbi makubwa. Tena, toka mwisho wa 2008 meli za kivita za Ulaya zilikuwa zinalinda ghuba ya Aden, na maharamia wa Somalia wakasogea kusini, mpaka maji ya Ushelisheli.

Usiku wa tarehe 23 mwezi wa 10, Rachel alikuwa kwenye zamu, Paul amelala. Walikuwa wametoka Mahé siku moja tu. Watu wenye bunduki wakapanda.

Walipelekwa karibu na Somalia, wakahamishiwa mu meli kubwa ya mizigo iliyokuwa imetekwa mbele yao. Meli moja ya jeshi la majini la Uingereza ilikuwa karibu na iliona, lakini haikupiga risasi, kwa kuogopa kuwaua mateka. Ilichoweza kuchukua ni mashua tupu.

Kwa wakaaji wa Rutshuru, kule Kivu ya Kaskazini, kilichofuata hakina haja ya kufasiriwa. Simu inapigwa kwa ndugu, bei inatajwa, kisha wanabishana. Bei ya kwanza ilikuwa dola milioni 7. Maharamia walizoea meli za kampani, zenye asiransi na wenyewe wenye uwezo, na waliposhika mashua yenye Wazungu wawili walihesabu vilevile. Hawakuelewa, ao hawakutaka kuelewa, kwamba nyumba ya wazee hao ndiyo ile mashua, na kwamba serikali ya Uingereza ina kawaida ya kutolipa wateka-nyara. Mzigo ukaangukia familia.

Wakati mmoja walitenganishwa, kila mtu peke yake, kwa miezi. Walipigwa. Wasomali wengi wanaoishi inchi za nje waliomba kwa sauti kubwa waachiliwe, na dereva mmoja wa taksi wa London, mzaliwa wa Somalia, alirudi kwao kusema na wazee wa ukoo. Tarehe 14 mwezi wa 11 mwaka 2010, baada ya siku 388, walitoka na kupitia Nairobi kurudi nyumbani. Feza ililipwa, ingawa chini sana ya ile bei ya kwanza.

Mu miaka ile wenye mashua wengi waliacha njia ya pwani yetu ya mashariki na kupita mbali. Meli za mizigo nazo zililipa asiransi zaidi na kubeba walinzi wenye silaha, na hizo ndizo meli zinazochukua shaba ya Lualaba pale Dar es Salaam na kuleta mashine na nguo. Tarehe 1 mwezi wa 1 mwaka 2023, mashirika ya meli yaliondoa Bahari ya Hindi kwenye orodha ya maeneo ya hatari kubwa. Mwisho wa mwaka uleule, meli ya mizigo Ruen ikatekwa na maharamia wa Somalia.

Lynn Rival ilirudishwa Uingereza ikiwa imeharibika. Wenyewe waliitengeneza karibu upya, na mu 2012 wakahamia tena ndani na kutweka tanga, safari hii upande wa Atlantiki.