Ajali ya Ndege ya Ethiopia, 2019: Kihisi Kimoja Kilipokosea

Tarehe 10 Machi 2019, ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia, aina ya Boeing 737 MAX 8, iliruka kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Baada ya dakika 6 hivi ilianguka karibu na Bishoftu. Watu wote 157 walikufa, wakiwemo Wakenya 32. Ukiulizwa chanzo cha ajali ya namna hii, usijibu tu kwamba ndege iliharibika. Eleza tukio moja lilivyozaa jingine.

Msingi wa kisayansi
Bawa huinua ndege likiukabili upepo kwa pembe ndogo. Pua ikiinuka mno, pembe hiyo hukua, hewa haipiti vizuri juu ya bawa, na kani ya kuinua hupungua ghafla. Pembe hiyo hupimwa na vihisi viwili, kimoja kila upande wa pua.

Mfuatano wa matukio
1. Mara baada ya kuruka, kihisi cha kushoto kilianza kutoa vipimo vya uongo. Kilifika nyuzi 74.5 wakati cha kulia kikisoma nyuzi 15.3.
2. Mfumo wa kompyuta uitwao MCAS ulitegemea kihisi kimoja tu. Ulichukulia kuwa pua imeinuka mno, ukageuza bawa la mkiani ili kuishusha.
3. Marubani walikata umeme wa kugeuzia bawa hilo. Kwa kuwa kasi ilikuwa kubwa, gurudumu la kuligeuza kwa mkono likawa gumu. Umeme uliporudishwa, mfumo ulishusha pua tena.

Mfano
Fikiria basi la Mpwapwa–Kibakwe lenye mtambo unaofunga breki wenyewe kila spidomita inaposoma mwendo mkali. Spidomita ikiharibika, breki zitafungwa hata basi likipanda mlima polepole. Dereva ataliona kosa, lakini atabaki akishindana na gari lake.

Zingatia
Tarehe 29 Oktoba 2018, ndege ya aina hiyohiyo ilianguka Indonesia na kuua watu 189. Huko nako MCAS ilifuata kihisi kibovu. Baada ya ajali ya pili, ndege hizo zilizuiwa kuruka duniani kote, na mfumo ukarekebishwa ulinganishe vihisi vyote viwili.

Swali la kujipima
Vihisi viwili vikitofautiana sana, kompyuta ifanye nini?

Jibu: Isishushe pua. Haiwezi kujua kipi ni sahihi, hivyo imwachie rubani.