Asilimia 1.5 ya nini? Jinsi tozo ya nyumba inavyohesabiwa pamoja na kodi ya mapato

MFANYAKAZI anayelipwa Sh20,000 kwa mwezi nchini Kenya hatozwi kodi ya mapato hata senti moja. Hata hivyo, kila mwezi hukatwa Sh300 za kugharimia ujenzi wa nyumba za bei nafuu. Jirani yake anayepokea Sh60,000 hukatwa Sh900 kwa madhumuni hayo hayo.

Kwa kutazama tu, wote wawili wametozwa kiwango kimoja cha asilimia 1.5. Lakini hesabu ikifuatwa hadi mwisho, hubainika kwamba wa kwanza ametoa asilimia 1.5 kamili ilhali wa pili ametoa asilimia 1.05 pekee. Aliye na kidogo ndiye aliyebeba mzigo mzito zaidi.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika mitaa kama Majengo mjini Nyeri, ambako walinzi, wahudumu wa mikahawa, vibarua wa ujenzi na wauzaji wa madukani huishi katika nyumba za kukodisha. Hao ndio wanaotajwa kila mara nyumba za bei nafuu zinapozungumziwa. Ni vyema basi wajue shilingi zao huhesabiwa vipi.

Safari ya tozo

Kodi iliyofungamana na nyumba si jambo geni nchini. Serikali ya kikoloni ilianza kutoza kodi ya vibanda mwaka 1901, nayo ikilipwa kwa rupia, sarafu ya India iliyotumika Kenya wakati huo. Kodi hiyo ilitozwa kwa kuhesabu nyumba ambazo mtu alikuwa nazo. Tozo ya sasa hutozwa kwa kuhesabu mshahara, ili nyumba zijengwe.

Wazo la mchango wa asilimia 1.5 lilikuwamo katika Sheria ya Fedha ya 2018, ila utekelezaji wake ulizuiwa mahakamani. Mswada wa Fedha wa 2023 ulirejea na pendekezo la asilimia 3, mchango ambao mfanyakazi angeweza kurejeshewa baada ya miaka kadhaa. Bunge lilipopitisha sheria, kiwango kilishuka hadi asilimia 1.5, lakini ahadi ya kurejeshewa nayo ikaondoka. Kilichokusudiwa kuwa akiba kikageuka kuwa tozo.

Makato yalianza Julai 2023. Novemba 28 mwaka huo, Mahakama Kuu iliamua kwamba tozo hiyo ilikiuka Katiba, sababu moja ikiwa kwamba iliwabagua wafanyakazi wa mishahara na kuwaacha wenye mapato mengine. Januari 26, 2024, Mahakama ya Rufaa ilikataa kuendelea kuusimamisha uamuzi huo, na makato yakakosa nguvu za kisheria. Serikali ilirudi Bungeni, na Machi 19, 2024 Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ikatiwa saini. Safari hii tozo iliwekwa pia juu ya mapato yasiyo ya mshahara, ili kuziba pengo lililotajwa na mahakama.

Kanuni ya hesabu

Swali la kwanza katika tozo yoyote ni hili: asilimia ya nini? Tozo ya nyumba ni asilimia 1.5 ya mshahara ghafi, yaani mshahara kabla ya makato yoyote. Si asilimia ya kinachobaki mkononi, wala si asilimia ya kodi. Mshahara huo hujumuisha malipo ya msingi na marupurupu ya kawaida ya fedha taslimu, kama vile ya nyumba na usafiri. Malipo yasiyo ya kila mara, kama bonasi au kiinua mgongo, hayahesabiwi.

Mwajiri naye hulipa asilimia 1.5 nyingine kutoka mfukoni mwake. Kwa mfanyakazi wa Sh20,000, basi, jumla inayopelekwa serikalini ni Sh600. Fedha hizo hutakiwa kuwasilishwa katika muda wa siku tisa za kazi baada ya mwezi kwisha.

Pamoja na tozo hiyo kuna makato mengine mawili yanayotangulia kodi. La kwanza ni mchango wa Hazina ya Kitaifa ya Malipo ya Uzeeni, NSSF, ambao ni asilimia 6 hadi kikomo kilichowekwa. La pili ni mchango wa bima ya afya ya jamii, SHIF, wa asilimia 2.75, ulioanza Oktoba 2024 kuchukua nafasi ya ule wa NHIF.

Tangu Desemba 27, 2024, makato yote matatu huondolewa kwanza, ndipo kodi ya mapato ikahesabiwa juu ya kinachosalia. Kwa viwango vya mwaka 2025, Sh24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, Sh8,333 zinazofuata asilimia 25, na zinazozidi hapo hadi Sh500,000 hutozwa asilimia 30. Zaidi ya Sh500,000 kiwango ni asilimia 32.5, na zaidi ya Sh800,000 ni asilimia 35. Mwishowe kila mlipa kodi hupunguziwa Sh2,400 kwa mwezi, ambayo ni afueni ya kibinafsi.

Mifano miwili

Tuchukue mshahara wa Sh20,000. NSSF ni Sh1,200, SHIF ni Sh550 na tozo ya nyumba ni Sh300. Jumla ya makato ni Sh2,050, na kinachosalia ni Sh17,950. Asilimia 10 ya kiasi hicho ni Sh1,795. Kwa kuwa afueni ya Sh2,400 inazidi kodi hiyo, kodi huwa sufuri. Mfanyakazi huyu huenda nyumbani na Sh17,950.

Sasa mshahara wa Sh60,000. NSSF ni Sh3,600, SHIF ni Sh1,650 na tozo ya nyumba ni Sh900, jumla Sh6,150. Kinachotozwa kodi ni Sh53,850. Fungu la kwanza huleta kodi ya Sh2,400, la pili Sh2,083.25, na Sh21,517 zilizobaki huleta Sh6,455.10. Jumla ni Sh10,938.35, na baada ya afueni kodi huwa Sh8,538.35. Mkononi zinabaki Sh45,311.65.

Hapa ndipo tofauti inapofichika. Lau zile Sh900 za nyumba zisingeondolewa kabla ya kodi, mfanyakazi wa Sh60,000 angetozwa asilimia 30 juu yake, yaani Sh270 zaidi. Kwa hivyo serikali inachukua Sh900 kwa mkono mmoja na kumwachia Sh270 kwa mkono wa pili. Tozo imemgharimu Sh630, ambazo ni asilimia 1.05 ya mshahara wake.

Mwenye mshahara wa Sh1,000,000 hutozwa Sh15,000 lakini kodi yake hupungua kwa asilimia 35 ya kiasi hicho, yaani Sh5,250. Gharama yake halisi ni Sh9,750, ambazo ni asilimia 0.975.

Mfanyakazi wa Sh20,000 hapunguziwi chochote, kwani kodi yake ilikuwa sufuri tangu mwanzo, na sufuri haipunguziki. Hali hiyo inawahusu wote wanaopokea hadi takriban Sh26,740 kwa mwezi. Utaratibu uliotangulia, ambapo asilimia 15 ya tozo ilikatwa kutoka kwa kodi, nao haukuwafaa watu hawa kwa sababu iyo hiyo.

Wanavyofanya India

India hufuata njia tofauti. Huko, tozo ya afya na elimu ya asilimia 4, iliyoanza kwa kiwango hicho mwaka 2018, huhesabiwa juu ya kodi yenyewe wala si juu ya mapato. Anayedaiwa kodi ya rupia 100,000 huongeza rupia 4,000. Asiyedaiwa kodi haongezi chochote.

Wenye mapato makubwa hupandishiwa nyongeza nyingine kabla ya tozo hiyo. Mapato yakizidi rupia milioni 5 kwa mwaka, kodi huongezwa asilimia 10, na kiwango hupanda kadiri mapato yanavyopanda. Mtu wa ngazi hiyo ya kwanza akidaiwa kodi ya rupia 1,500,000, nyongeza huifikisha 1,650,000. Asilimia 4 ya kiasi hicho kipya ni rupia 66,000, na jumla huwa 1,716,000. Anayejumlisha 10 na 4 akapata asilimia 14 atakosea kwa rupia 6,000, kwani tozo ya pili hukaa juu ya ile ya kwanza.

Kila njia ina upande wake. Tozo inayokaa juu ya kodi humwacha huru maskini, lakini hukusanywa kwa watu wachache. Tozo inayokaa juu ya mshahara hukusanya kwa wengi, haba na haba, ila humfikia hata yule ambaye sheria ya kodi imekwisha kukiri kwamba hana cha kutozwa.

Cha kukagua

Mfanyakazi anaweza kuhakiki hati yake ya mshahara kwa hatua tatu. Kwanza, azidishe mshahara ghafi kwa 1.5 kisha agawanye kwa 100. Jibu ndilo tozo ya nyumba. Pili, ahakikishe kwamba NSSF, SHIF na tozo hiyo vimeondolewa kabla ya kodi kuhesabiwa. Tatu, ahakikishe kwamba afueni ya Sh2,400 imetolewa na kwamba fungu la mwajiri halikukatwa kutoka kwa mshahara wake.

Kulipa tozo hakumpi mtu haki ya moja kwa moja ya kupata nyumba. Sheria imetenga nyumba za kijamii kwa wanaopata chini ya Sh20,000 kwa mwezi, na nyumba za bei nafuu kwa wanaopata kati ya Sh20,000 na Sh149,000, lakini kila anayetaka ni lazima atume ombi na kutimiza masharti. Kwa mpangaji wa Majengo, tozo ni ya lazima, nyumba ni ya kuomba. Ndiyo maana mjadala kuhusu nani anabeba asilimia 1.5 nzima, na nani anapunguziwa, si wa wahasibu peke yao.