Ampea za Ukambani: rekodi za chipu ndogo kama ndengu

Kwanza fumbo. Kituo cha umeme cha Kiambere, kwenye Mto Tana pale Kitui inapopakana na Embu, kina uwezo wa megawati 168. Soko la Kitonyoni, kaunti ya Makueni, lina mtambo wa sola wa kilowati 13.5 uliosimamishwa mwaka 2012 na wenyeji pamoja na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Southampton. Kiambere ni zaidi ya mara 12,000 ya Kitonyoni. Kati ya waya unaotoka Kiambere kwenda kwenye gridi na kebo ya betri za mtambo wa ukubwa wa Kitonyoni, ni upi unaoweza kubeba ampea nyingi zaidi?

Wengi watataja Kiambere. Lakini stima ya Kiambere huingia kwenye gridi kwa volti 220,000, na hata ungeipitisha yote katika laini moja ya nyaya tatu, kila waya ungebeba ampea 440 hivi. Sasa chukua kilowati 13.5, uzitoe kwenye betri za volti 24: hizo ni ampea 562. Taji la ampea haliendi kwa mwenye nguvu, huenda kwa mwenye volti chache. Fundi wa sola asiyeijua hesabu hii huifundishwa na harufu ya plastiki inayoungua.

Ukambani, basi, kwenye jua la kutosha na mvua ya kubahatisha, ni mahali pazuri pa kukusanyia rekodi za kupima mkondo. Nyingi nitakazozitaja zinahusu chipu moja yenye miguu minane, ACS712 ya kampuni ya Allegro ya Marekani. Mwili wake ni milimita 5 kwa 4, ukubwa wa punje ya ndengu iliyoshiba, na msomaji wa Kitui hahitaji kuelezwa ndengu ni nini. Huuzwa kwa aina tatu: ya ampea 5, ya 20 na ya 30. Ndani yake kuna kipande cha shaba ambamo mkondo unapita, na karibu na shaba hiyo, bila kuigusa, kuna silikoni inayohisi sumaku. Mkondo huzaa sumaku, sumaku huzaa volti, na volti hiyo ndiyo unayoisoma. Ukuta uliopo kati ya pande hizo mbili umepimwa kwa volti 2,100, kwa hiyo anayeshika upande wa kusoma hashiki stima.

Kanuni hii ina sifa moja ya ajabu: ni kongwe kuliko ugunduzi wa elektroni. Oktoba 1879, Edwin Hall, mwanafunzi wa miaka 23 katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Baltimore, alikuwa akibishana na kitabu. James Clerk Maxwell alikuwa ameandika kwamba sumaku husukuma waya wenyewe, si mkondo ulio ndani yake. Hall hakuridhika. Mwalimu wake, Henry Rowland, alikuwa amelijaribu jambo hilo akatoka mikono mitupu. Hall naye alipotumia kipande kinene cha metali hakuona kitu. Ndipo akabandika jani jembamba la dhahabu juu ya kioo, akapitisha mkondo, akaliweka kati ya ncha za sumaku ya umeme. Sindano ikasogea. Volti ndogo mno ilikuwa imejitokeza ubavuni, kando ya njia ya mkondo. J. J. Thomson alikuja kuitambua elektroni mwaka 1897, miaka 18 baadaye. Hall alikuwa ameona vumbi la msafara kabla ya mtu yeyote kujua wasafiri ni akina nani.

Picha yake ni rahisi. Waza watu walioshuka matatu mjini Kitui siku ya soko, wote wanaelekea mbele, kisha upepo mkali uwapige kutoka upande mmoja. Bado wanaendelea mbele, ila kando moja ya barabara inasongamana na nyingine inabaki wazi. Tofauti ya kando hizo mbili ndiyo volti ya Hall.

Kwa usahihi, ukoo huu wa Hall una bingwa wake. Mwaka 1980, Klaus von Klitzing, akifanya kazi Grenoble kwa baridi kali na sumaku yenye nguvu nyingi, aliona kwamba volti ya Hall haipandi kama mteremko bali kama ngazi, na kimo cha ngazi hakijali umbo la kipande wala uchafu wake. Ukinzani unaotokana na jambo hilo ni omu 25,812.807, na maabara za vipimo duniani huutumia kama jiwe la mizani. Alipewa Nobeli mwaka 1985. Ndengu yetu haina usahihi huo hata kwa mbali, lakini ni ukoo mmoja.

Mkondo mkubwa kupindukia uko Ghuba. Viwanda vya alumini vya Bahrain na Falme za Kiarabu huyeyusha madini kwa mkondo mnyoofu (DC) unaozidi ampea 400,000, ukipita katika mamia ya vyungu vilivyofuatana. Huko hakuna punje ya ndengu.

Mdogo nao una mshangao wake. Ampea moja ndani ya waya, ukiipima kutoka sentimita moja, huzaa sumaku ya mikrotesla 20. Sumaku ya dunia yenyewe, kwa anayesimama Wote au Mwingi, ni takriban mikrotesla 33. Yaani dira mfukoni inasikia dunia zaidi ya inavyosikia ampea yako. Ndiyo maana watengenezaji huipitisha shaba karibu kabisa na silikoni, na ndiyo maana spika kubwa ikiwekwa kando ya kifaa hicho, vipimo huanza kuota ndoto. Aina mpya kama ACS724 zina macho mawili na hutoa tofauti yao. Sumaku ya nje, inayoyagusa yote mawili sawasawa, hujifuta. Kama kifaa chako kitakaa chumba kimoja na redio ya dukani, nunua hiyo.

Kosa linalorudiwa kuliko yote kwenye sola ni la klampu, ile mita yenye taya inayoubana waya bila kuukata. Klampu nyingi za bei nafuu zina koili tu ndani ya taya. Koili husikia mkondo unaobadilika-badilika kama ule wa gridi, lakini umeme wa paneli na betri huenda upande mmoja bila kutikisika. Fundi anabana kebo yenye ampea 10, mita inaandika sifuri, anaikungʼuta, anabadilisha betri ya mita, anamwambia mwenye nyumba kwamba paneli zimekufa. Paneli ni nzima. Klampu inayosoma DC ina chipu ya Hall ndani ya taya, na bei yake ya juu inatokana na hilo. Angalia kama kwenye kitufe cha ampea kuna mstari ulionyooka pamoja na wimbi. Kukiwa na wimbi peke yake, iache dukani.

Rekodi ninayoipenda kuliko zote si ya ampea, ni ya siku. Huko Kyuso, Mwingi Kaskazini, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga vifaa ndani ya mikono ya pampu za maji. Kila mkono ulipopanda na kushuka, kifaa kilihesabu, kisha kikatuma hesabu kwa mtandao wa simu. Mkono ukinyamaza, fundi anajua. Kabla ya hapo, pampu iliyoharibika ilikaa takriban siku 27 bila kutengenezwa. Wakati wa jaribio zilishuka hadi chini ya siku 3. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa FundiFix, kampuni ya kutunza pampu vijijini. Sensa iliyokuwa kwenye mkono ilipima mwendo, haikuwa ya Hall. Naitaja kwa sababu inaonyesha kwamba kipimo kidogo kinaweza kumpunguzia mama safari za punda na mitungi kwa majuma matatu.

Pampu ya umeme iliyozama kwenye kisima kirefu haina mkono wa kuhesabia, ila ina ampea, na ampea husema mengi kuliko mkono. Inapowashwa moja kwa moja kwenye stima, mota huvuta mara 5 hadi 7 ya mkondo wake wa kawaida kwa muda mfupi, kisha hutulia. Maji yakipungua kisimani, mkondo hushuka, kwa kuwa mota haina mzigo wa kuinua; ikiachwa hivyo inajichoma, maana maji yaleyale ndiyo yanayoipoza. Mchanga ukibana mapanga yake, mkondo hupanda. Mkondo ukiwa wa kawaida na mfereji ukawa mkavu, tafuta bomba lililopasuka shambani kwa mtu. Haya yote hujulikana juu ya ardhi, kwenye waya, bila kung'oa mita mia za bomba. Sijaona kifaa kingine cha bei ya sahani chache za pilau kinachoweza kuona chini ya ardhi.

Kwa udanganyifu, taji nalipa soko letu wenyewe. Duka moja Nairobi liliniuzia chipu iliyoandikwa ampea 20. Chipu ya 20 hutoa milivolti 100 kwa kila ampea. Ya 30 hutoa 66. Nikaunganisha birika la wati 1,920 kwenye stima ya volti 240, nikitarajia ampea 8. Ikasoma 5.3. Nikalishuku birika, nikaishuku Kenya Power, nikaishuku hesabu yangu. Mwishowe nikagawanya 5.3 kwa 8 nikapata 0.66, na mwizi akajitaja kwa jina. Tangu siku hiyo hakuna chipu inayoingia kwenye kazi yangu bila kupita kwanza kwa birika. Na neno jingine kuhusu vibodi hivyo vya bei nafuu: chipu inaweza kustahimili ampea 30, lakini shaba nyembamba ya kibodi na skrubu zake hazijaapa kufanya hivyo kutwa nzima. Mimi naziachia 15.

Kipimo kigumu kuliko vyote kimebaki: sifuri.

Pasipo mkondo, ACS712 haitoi volti sifuri. Hutoa nusu ya volti inayolishwa, ili ipate nafasi ya kushuka mkondo ukigeuka. Ukiilisha 5, sifuri yake ni 2.5. Lakini betri ikichoka au kirekebisha-volti kikiwa hafifu, 5 huwa 4.7, na sifuri husogea hadi 2.35 bila kuaga. Bodi ya kompyuta ndogo isiyojua, ile inayosoma kwa marejeo yake yenyewe kama ESP32, huona upungufu wa volti 0.15. Kwa chipu ya ampea 30 hizo ni ampea 2.3 zinazotembea kinyume. Nimeona skrini iliyokuwa ikisema betri inachajiwa saa sita za usiku, mbalamwezi ikiwa imetanda. Sanduku la chuma chini ya bati la Kibwezi mchana huongeza la kwake, kwani joto nalo huisogeza sifuri.

Kwa taa moja hilo ni la kuchekesha. Kwa kitabu cha hesabu za betri ni hasara: ampea 2.3 za uongo kwa saa 24 ni ampea-saa 55, na betri ya ampea-saa 100 hujazwa kwa karatasi ndani ya siku mbili huku yenyewe ikiisha. Dawa niliyoizoea ni hii. Saa nane usiku programu inakata mkondo kwa swichi ya rilei, inasoma chipu mara 500, inachukua wastani wake na kuuita sifuri ya leo, inarudisha rilei. Kazi yote haifiki sekunde moja, na friji ya duka haijui kama ilikatiwa stima.