Mlembe Husikia Mwito wa Kwao

Mlembe si ndege wa kuvutia kwa manyoya. Kwa sehemu kubwa ni wa kijivu na kahawia. Thamani yake ni kujua nyuki walipo. Tumbo lake humeng'enya nta, kazi inayowashinda ndege wengi, lakini hawezi kupasua mti wala kuwatuliza nyuki. Ndiyo maana humtafuta binadamu mwenye shoka na moto.

Kwetu Tunduru, babu mzaa mama alimwita kwa mtetemo mrefu wa ulimi, "brrrr", unaoishia na "hm" fupi. Ndege akijitokeza, hulia kwa pupa na kuruka mti hadi mti, babu akimfuata. Asali ikisharinwa, mlembe huachiwa masega.

Wazee wameyajua haya tangu zamani. Sayansi ilichelewa kuyapima. Mwaka 1989 Hussein Isack wa Kenya na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer walionyesha kuwa warina asali wa Kiborana wasio na ndege walitumia wastani wa saa 8.9 kupata nyuki, na wakiongozwa naye saa 3.2. Kisha mwaka 2016 Claire Spottiswoode na wenzake wakaupima mwito wetu ng'ambo ya mto Ruvuma, katika hifadhi ya Niassa, Msumbiji, wakiwa na warina asali wa Kiyao. Mtu akitamka maneno ya kawaida, au ukisikika mlio wa tetere, uwezekano wa kuongozwa na mlembe ulikuwa asilimia 33. Kwa "brrrr-hm" ulifika asilimia 66. Babu hakuwa akijiimbia porini.

Ila ndege huyu aliujuaje mwito huo? Wazazi wake hawakumfundisha, maana hakuwahi kuwaona. Mama mlembe hutaga katika viota vya ndege wengine, kama keremkerem. Kinda lake huanguliwa likiwa kipofu, na kwa kulabu za mdomoni huwaua makinda wa mwenye kiota, kisha hulelewa na mgeni asiyejali nta.

Jibu lilikaribia mwaka 2023. Spottiswoode na Brian Wood walichezesha sauti zilizorekodiwa huko Niassa na katika vilima vya Kidero, Tanzania, ambako Wahadza humwita ndege kwa mluzi. Milembe wa Kidero waliuitikia mluzi wa Kihadza zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Kiyao. Wa Niassa waliupendelea wa Kiyao karibu mara mbili. Inaelekea mlembe huzaliwa na silika ya kuongoza, lakini mwito wa mahali hujifunza kwa kuwasikiliza watu wa mahali hapo.

Hapo ndipo ninapopata wasiwasi. Sukari ya dukani imewaondoa wengi porini, na kijiji kikinyamaza, makinda wapya hawatakuwa na sauti ya kujifunza. Kutenga msitu peke yake hakutoshi kuulinda ushirikiano huu. Kama nyumbani kwenu yupo mzee anayejua kumwita mlembe, mfuate akufundishe mwaka huu, na ukirina, mwachie ndege nta yake.