Swali ni Amana: Watu wa Ujiji na Mawaziri Wao

Ndugu msomaji, ukilitaja jina la Ujiji mbele ya mtu wa Ulaya, aghalabu atakumbuka swali moja tu: lile ambalo Stanley husemwa kuwa alimwuliza Livingstone walipokutana huko mwaka 1871, akitaka kujua kama yeye ndiye. Swali hilo limefundishwa shuleni katika nchi nyingi, na mahali walipokutana pamejengwa ukumbusho. Walakini lilikuwa ni swali la mgeni kwa mgeni. Wenyeji waliokuwapo walikuwa watazamaji.

Lakini wenyeji nao wana maswali yao. Mama aanikaye dagaa katika mchanga wa Kibirizi ataka kujua meli itakuja lini. Mvuvi wa Katonga ataka kujua kwa nini amekatazwa kutia nyavu, na watoto wake watakula nini mpaka ziwa lifunguliwe. Kijana aliyemaliza masomo ataka kujua fedha zilizotajwa kwa ajili ya barabara yao zimefanya kazi gani. Maswali hayo husemwa kila jioni barazani, chini ya miembe, na aghalabu huishia hapo hapo. Leo twataka kueleza namna swali la barazani liwezavyo kufika mbele ya Waziri, na likifika huko lina nguvu gani.

MWENYE CHEO NI MWENYE KUULIZWA

Neno letu "swali" limetoka katika Kiarabu, na katika lugha hiyo mtu mwenye dhamana huitwa mas'ul, yaani mwenye kuulizwa. Tazama jinsi neno lenyewe linavyotufundisha. Apewaye cheo hapewi heshima tupu. Apewa amana, na pamoja na amana apewa wajibu wa kujibu. Mtume wetu (s.a.w.) ametufunza kuwa kila mmoja wetu ni mchunga, naye ataulizwa juu ya wale aliowekewa awachunge.

Imesimuliwa kwamba Sayyidna Umar bin Al-Khattab (r.a.) alipanda mimbari siku moja amevaa vazi lililotoka katika vitambaa walivyogawiwa Waislamu, kila mtu kipande kimoja. Umar alikuwa mtu mrefu, na kipande kimoja kisingemtosha. Akasimama mtu mmoja, akasema hatasikiliza wala hatatii mpaka aelezwe kipande cha pili kimetoka wapi. Khalifa hakughadhibika, wala hakuamuru mtu huyo atolewe msikitini. Alimwita mwanawe Abdullah, naye akashuhudia kuwa fungu lake mwenyewe ndilo alilompa baba yake. Hapo muulizaji akakaa kitako, akasema kuwa sasa atasikia na kutii.

Zingatia mambo matatu. Muulizaji aliuliza juu ya jambo lililoonekana, si juu ya uvumi. Muulizwa alileta shahidi, hakuleta hasira. Na muulizaji, alipopata jawabu la kweli, alikubali. Yakikosekana mojawapo ya haya, swali huwa ni fitina au jawabu huwa ni dharau.

SIKU AMBAZO HAPAKUWA NA WA KUTUULIZIA

Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianzishwa mwaka 1926. Miaka karibu ishirini ilipita pasipo Mwafrika hata mmoja ndani yake. Wawili wa kwanza waliingia mwaka 1945, nao walikuwa machifu walioteuliwa na Gavana. Katika muda huo reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ilichukua watu na mali zao, na kodi ilikusanywa Ujiji kama ilivyokusanywa kwingineko. Lakini mtu wa Ujiji hakuwa na wa kumsimamia na kumwuliza mtawala.

Mambo yalibadilika kwa uchaguzi wa miaka ya 1958 na 1959. Miongoni mwa walioingia barazani katika siku hizo za mwisho za utawala wa Waingereza alikuwamo Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, mshairi na mwanachuoni. Mwaka 1960 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam, na mwaka 1963 alifanywa Waziri wa Sheria. Basi aliyekuwa muulizaji akawa muulizwa. Alifariki mwaka 1964, akiwa kijana bado.

Baadaye ilikuja zama ya chama kimoja, na kuuliza kukawa na mipaka yake. Oktoba 1968 wabunge kadhaa walifukuzwa katika TANU, na kwa kufukuzwa chamani wakapoteza viti vyao. Hapana shaka wengi waliobaki walijifunza kupima maneno. Vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992, mlango ulifunguliwa tena.

SHERIA INAVYOSEMA

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 63, yalipa Bunge madaraka ya kumwuliza Waziri yeyote swali juu ya mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Ibara ya 100 yaulinda uhuru wa maneno ndani ya Bunge. Basi mbunge aulizaye haombi hisani; atimiza kazi aliyotumwa.

Kwa desturi ya Bunge letu la Dodoma, mbunge huliandika swali lake na kulipeleka kwa Katibu wa Bunge mapema, ili wizara ipate nafasi ya kutafuta habari. Siku ikifika, asubuhi, Spika humwita, naye husimama na kuomba swali lake lijibiwe. Waziri au Naibu wake husoma jawabu. Kisha muulizaji hupewa nafasi ya maswali ya nyongeza, na hapa ndipo penye uzito wa jambo. Jawabu la kwanza limeandikwa ofisini na watu wenye elimu, na laweza kuwa limepambwa vizuri. Swali la nyongeza halina karatasi. Hapo Waziri huonekana kama aijua wizara yake au asoma tu aliyoandikiwa. Na yote yasemwayo huandikwa katika Taarifa Rasmi za Bunge, hata ahadi iliyotolewa leo yaweza kusomwa mbele ya aliyeitoa baada ya miaka mitano.

SWALI LA BUZWAGI

Mwaka 2005 watu wa Kigoma Kaskazini walimchagua kijana wa miaka ishirini na tisa, Zitto Kabwe wa CHADEMA. Miaka miwili baadaye kijana huyo aliuliza jambo ambalo halikuhusu ziwa wala dagaa. Lilihusu dhahabu ya Buzwagi, huko Kahama.

Februari 2007 Waziri wa Nishati na Madini, Nazir Karamagi, alitia saini mkataba wa mgodi huo mjini London, wakati ambapo Serikali ilikuwa imetangaza kuwa mikataba ya madini yapitiwa upya. Mbunge akataka kujua: kwa nini wakati huo, na kwa nini London? Waziri alishikilia kuwa taratibu zilifuatwa. Mwezi wa Agosti Zitto alileta hoja kwamba iundwe kamati teule ya kuchunguza. Bunge liliikataa hoja hiyo, tena likamsimamisha yeye mwenyewe mpaka mwaka uliofuata, kwa madai kwamba maneno yake juu ya Waziri hayakuwa ya kweli.

Mtu angedhani kuwa swali limekufa. La! Lilitoka Dodoma likaingia majumbani. Watu ambao hawakupata kujali mkataba wa mgodi walianza kuuliza mrabaha ni nini, na nchi yapata kiasi gani. Novemba mwaka huo huo Rais Jakaya Kikwete aliunda kamati ya kutazama mambo ya madini, chini ya Jaji Mark Bomani, na miongoni mwa wajumbe wake alimtia kijana yule yule aliyesimamishwa. Mwaka 2010 ilitungwa Sheria mpya ya Madini, na mrabaha wa dhahabu ukapandishwa kutoka asilimia 3 hadi 4, ukihesabiwa kwa thamani yote ya dhahabu.

Yatupasa kusema kwa insafu. Hoja ya Buzwagi haikupata kuthibitishwa na kamati ya Bunge, kwa kuwa kamati hiyo haikuundwa. Waziri Karamagi alijiuzulu Februari 2008, walakini kwa jambo jingine, lile la umeme wa Richmond. Sisi hatumhukumu mtu. Twasema tu kwamba swali lililofungiwa mlango liliingia kwa dirisha, kwa sababu lilikuwa na tarehe, mahali na hati ya kuulizia.

Mfano wa pili ni wa mwaka 2012. Taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ilipoonyesha kasoro katika wizara kadhaa, mbunge huyo huyo alikusanya saini za wenzake ili kuleta hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu. Hoja yenyewe haikupigiwa kura, lakini mwezi wa Mei Rais alibadili Baraza la Mawaziri, na mawaziri sita wakaachwa. Mashahidi wa swali lile walikuwa hesabu zilizokaguliwa, na hesabu hazina chama.

KAZI YETU SISI TULIO NYUMBANI

Huenda msomaji akasema: mimi si mbunge, yanihusu nini? Yakuhusu sana. Mbunge hawezi kuuliza asilolijua. Mtazame mvuvi yule wa Katonga. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi mitatu, tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Akienda kwa mbunge wake akasema, "Serikali yatuonea," mbunge hana la kuandika. Lakini akienda na wenzake wamehesabu ni nyumba ngapi za mwalo wao zilizokosa chakula, walipata dagaa kiasi gani kabla ya kufungwa na kiasi gani baada ya kufunguliwa, na ni ahadi gani waliyopewa, na nani, siku gani, hapo amempa silaha. Waziri hawezi kulijibu swali la namna hiyo kwa maneno matamu. Na ikiwa samaki kweli wameongezeka, mvuvi naye atakubali, kama alivyokubali yule aliyemwuliza Umar.

Kadhalika meli ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa katika vita, ikaibuliwa, na tangu 1927 ikawatumikia watu wa mwambao kwa jina lake la sasa. Tuulizapo matengenezo yake, tusiulize tu lini. Tuulize fedha kiasi gani zilitengwa, zimetoka ngapi, na nani aliyeweka saini. Swali la "lini" hujibiwa kwa "karibuni". Swali la "ngapi" halijibiwi ila kwa hesabu.

Enyi vijana, msichanganye kuuliza na kusengenya. Sura ya Al-Hujurat yatuamrisha kuihakikisha habari kabla ya kuifuata, nayo yakataza kusengenyana. Mwenye kumtukana Waziri kijiweni hakumwajibisha. Amejitia dhambini na Waziri amelala salama. Mwenye kuandika swali lake kwa adabu, akaweka nakala, akamfuata mbunge wake mpaka aliulize, kisha akalisikiliza jawabu na kulikumbusha mwaka wa pili, huyo ndiye aliyemwajibisha.

Wala wazazi wasisahau kuwa shule ya kwanza ya jambo hili ni nyumbani. Mtoto amwulizaye baba kwa heshima fedha za sukari zimekwenda wapi, akajibiwa kwa kofi, atakua akiogopa kuuliza. Na siku akipata cheo, naye atajibu kwa kofi. Akijibiwa kwa ukweli, atajua kuwa kuulizwa si kudharauliwa.

Sote tu wachunga, kila mtu na zizi lake. Mwenyezi Mungu awape viongozi wetu majibu ya kweli, atupe sisi ujasiri wa kuuliza kwa haki, na atusahilishie sote Siku ile ambayo hapana swali litakaloahirishwa. Amin.